Jibu: Asetoni imeharibu kifua cha mdoli, na nywele za kusuka naziwekaje?

Dada, pole kwa mdoli. Umesema uliununua Kariakoo kwa bei ya chini, ukapangusa uso kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ukatakata vizuri, halafu tone likadondokea kifuani na plastiki ikawa nyeupe na kunata. Na unataka binti yako awe na mdoli wenye nywele kama zake, uliosukwa. Nianze na sababu, maana ukishaijua hiyo mengine yanakuwa mepesi.

Midoli hii ya mitindo, ya sentimita 29 hivi, ambayo viwanda vinaiga tangu Barbie ilipotoka mwaka 1959, kichwa na kiwiliwili chake si plastiki moja. Kichwa ni vinaili laini, ukikibonyeza kinabonyea. Kiwiliwili kigumu mara nyingi ni polistairini au ABS, aina za plastiki ngumu, na hizo asetoni huziyeyusha. Vinaili inavumilia kupanguswa haraka kwa pamba, ila usiiloweke. Kwa hiyo ng'oa kichwa kabla ya kugusa uso. Kitumbukize kwenye maji ya moto dakika mbili tatu kilainike, kisha kivute taratibu huku unakizungusha. Ukikilazimisha kikiwa baridi, kishikizo cha shingoni kinakatika, na midoli ya bei hii haina spea. Asetoni yenyewe itumie dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake unashika moto.

Sasa nywele, ambako ndiko kazi ilipo na ndiko mimi hupapenda zaidi. Ukipanua nywele za mdoli wa bei rahisi utaona kiwanda kimeshona pembezoni na kwenye mstari wa njia tu, katikati ni upara. Ndiyo maana hausukiki. Kata zote fupi, kisha kwa kibanio cha nyusi vuta vishina kutokea ndani, kupitia tundu la shingo. Halafu, kabla ya kushona chochote, paka utosi wote rangi ya akriliki nyeusi au kahawia iliyokoza. Wengi wanairuka hatua hii, na mwishoni ngozi inachungulia kati ya mistari hata ukijaza nywele kiasi gani.

Nywele usiagize nje. Rasta za kawaida za saluni zinatosha kabisa. Chukua sindano nene, kata ncha ya tundu lake kwa koleo ibaki panda ya meno mawili, kisha upande mkali uchomeke kwenye kijiti kiwe mpini. Kunja nyuzi chache katikati, zilaze kwenye panda, sukuma ndani ya kichwa, chomoa sindano. Nyuzi zinabaki. Kichwa kiwe na joto kidogo muda wote, vinginevyo vinaili inachanika tundu hadi tundu.

Kama unataka msuko wa twende kilioni, amua kabla hujapaka utosi rangi. Chora njia kwa penseli ya rangi kutoka kwenye paji hadi kisogoni kisha paka rangi na ushone juu ya njia hizo tu, sehemu zilizobaki ziwe ngozi. Ukisuka, unaokota nywele za mstari huo huo kama msusi anavyofanya kwa mtu. Ukimaliza, mimina gundi nyeupe ndani ya kichwa, izungushe, kigeuze hadi ikauke. Supaglu siishauri: hupanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu. Ncha za misuko zichovye maji ya moto kama saluni, na ziache zipoe kabisa ndipo uzishike.

Usoni tumia akriliki iliyolainishwa kwa maji, tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Rangi za kupuliza za mafuta ziepuke, kwani nyingi hazikauki kamwe juu ya vinaili, zinabaki zinanata. Anza na mstari wa kope za juu kwa macho yote mawili, piga picha kwa simu uigeuze kulia kushoto, na kama jicho moja limepanda utaliona hapo hapo. Na usijilazimishe kurudisha vipodozi. Mwaka 2015 Sonia Singh wa Tasmania, Australia, alivuma kwa kuchukua midoli iliyotumika, kuifuta vipodozi na kuichorea nyuso za watoto wa kawaida, na watu wengi waliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Binti yako atafurahi kuona uso wa mtoto.

Rangi ya ngozi usiibadilishe kwa brashi, itachubuka kwenye viungo. Safari nyingine tafuta mdoli wa kahawia tangu dukani. Nguo ni mabaki ya kitenge kwa fundi cherehani, ila chagua maua madogo sana: mdoli ni moja ya sita ya mtu, hivyo ua la sentimita 30 kwake ni kama mita 1.8, linammeza mzima.

Kifua kiache siku nzima bila kukigusa. Asetoni ikishapotea plastiki itakuwa ngumu tena, ndipo upitishe msasa laini, namba 800 hivi, pamoja na maji, hadi pale palipovimba palale. Weupe kidogo utabaki, lakini gauni litaufunika. Ukianza kushona nywele weka picha ya utosi hapa, nikuangalie mistari kabla hujamimina gundi.