Anti, mama mkwe anadhani niko likizo

Shikamoo Anti. Ninaishi Nala kwa wakwe, kazi yangu iko Ihumwa kwenye kampuni ya malori. Kazi ni kuingiza ankara na hati za mizigo kwenye kompyuta. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nabadilisha daladala mjini, kwenda na kurudi ni saa tatu nzima. Sasa bosi kaniambia nifanyie kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Nikafurahi! Siku ya kwanza tu mama mkwe akanituma mashineni kusaga, nikarudi nikakuta jirani kaniachia mtoto. Kufika saa tano nilikuwa nimeingiza ankara sita. Mume wangu anasema, “Si uko nyumbani bwana.” Nirudi zangu kwenye daladala?

Mkamwana wa Nala

Marahaba mwanangu. Usirudi. Saa tatu kwa siku, mara siku tatu, ni saa tisa kila wiki ulizokuwa unazimalizia dirishani ukitazama vumbi la Dodoma.

Mimi naandika hesabu za maduka nikiwa nyumbani kwangu Kikuyu, mwaka wa tisa huu. Mwaka wa kwanza nilikosana na dada yangu mpaka tukanuniana, maana kila akiniona na kanga kiunoni ananikabidhi mboga nichambue. Kilichoniokoa ni viatu. Usicheke. Saa mbili kamili navaa viatu vya kutokea, vile vyeusi vya kufunga, nakaa mezani. Wanangu walikuwa wadogo, wakazoea: mama amevaa viatu, hayupo. Hata wageni walijibiwa hivyo mlangoni, huku mimi nawasikia.

Mama mkwe usimtumie mume akamsemee, utaonekana umeshtaki. Mkalishe mwenyewe karibu nawe nusu saa. Chukua ankara moja, mwonyeshe: lori hili limeshusha mzigo, ila nisipoingiza namba hii, kampuni hailipwi, na mwisho wa mwezi nami silipwi. Mtu aliyelima mtama na uwele kwenye ukame wa huku anaijua kazi, ila hajawahi kuiona ikifanywa mtu akiwa amekaa. Kisha mpe saa zake: kabla ya saa mbili asubuhi wewe ni wake, na mashineni utakwenda jioni. Mumeo akisikia mama yake anakutetea, atanyamaza.

Kwa bosi, furaha isikusahaulishe karatasi. Mwombe aandike siku zenyewe, saa zenyewe, na nani ananunua bando. Umeme pia, maana luku ikiisha saa nne atakayelaumiwa ni wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Kukaa nyumbani hakujaifuta hiyo. Wapo mabosi wakishajua uko kwako wanapiga simu saa tatu usiku, “kitu kidogo tu.” Hicho kidogo nacho kiandike kwenye daftari, na muda wake.

Siku mbili za ofisini chagua zile madereva wanaporudisha hati, uulizane nao ana kwa ana. Mimi siku tano nyumbani zilinifanya nizungumze na kuku, sikutakii.

Meza iweke mbali na dirisha, upepo wa Julai na Agosti utakujazia mchanga kwenye vibonye. Na mvua ikianza Desemba, kama nyumba haina dari, simu muhimu piga asubuhi mapema, bati likishaanza kelele humsikii mtu.

Jirani mwambie mtoto amlete saa kumi. Jaribu wiki nne, halafu niandikie kufika saa tano unakuwa na ankara ngapi.