Usiguse Secure Boot wala TPM kabla hujaziona tarakimu 48 za mashine yako

Mkuu, ishia hapo hapo ulipofika. Kama umeshaingia BIOS (ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), toka bila kuhifadhi chochote, iache iwake Windows kama kawaida, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umesema umenunua laptopu iliyotumika, i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, dukani wamekukabidhi ikiwa na Windows 11 tayari. Unataka kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, pembeni ya Windows ubaki na zote mbili. Video uliyoangalia inasema hatua ya kwanza ni kuzima Secure Boot (ukaguzi unaoruhusu mashine iwake kwa programu zilizosainiwa tu) na kufuta TPM (chipu ya usalama inayotunza funguo) "ili Linux isikataliwe". Unauliza kama RAM inatosha, kama uanze kwa kununua SSD kubwa, kama modemu na printa yako vitasoma. Halafu katikati ya maswali hayo umechomeka sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: kwamba kazi zako zote za chuo na picha za familia ziko humo humo. Kwa sentensi hiyo siwezi kupita kimya, kwa sababu njia unayotaka kuifuata nimeipita, na mwisho wake naujua.

RAM inatosha. Tuendelee na linaloua.

Diski ya mashine yako karibu hakika imefungwa kwa kufuli ambalo hujawahi kuliona. Tangu Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, Microsoft walilegeza masharti ya kile wanachokiita "Device encryption". Ukipiga Windows upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inasimbwa yenyewe, yaani data inageuzwa isisomeke bila ufunguo, hata kwenye Windows Home. Hakuna anayekuuliza kama unataka. Ufunguo unatunzwa ndani ya TPM, na kila unapowasha mashine TPM inakagua kama mazingira ya kuwakia ni yale yale ya jana, ikiwemo kama Secure Boot bado imewashwa. Ikiridhika inatoa ufunguo kimya kimya, Windows inafunguka, wewe unaendelea na shughuli zako bila kujua kwamba kuna mlango umefunguliwa.

Sasa chukulia umezima Secure Boot. TPM inaona mazingira yamebadilika, inakataa kutoa ufunguo. Unapata skrini ya bluu yenye kisanduku kimoja kirefu kinachotaka tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6. Chini yake kuna kitambulisho cha ufunguo, na kwenye matoleo haya mapya kuna kidokezo cha barua pepe ya akaunti ambayo ufunguo umehifadhiwa. Mimi nilikisoma kile kidokezo nikakisoma tena. Herufi za mwanzo hazikuwa za jina langu wala la mtu yeyote wa nyumbani kwetu. Zilikuwa za duka.

Hebu elewa vizuri hapo, kwa sababu na wewe umenunua ya dukani. Hizi mashine zilizotumika zinafika Kariakoo zikiwa tupu au zina Windows ya ofisi fulani ya Ulaya. Kijana wa duka anapiga Windows mpya. Windows 11 wakati wa kuanza inang'ang'ania akaunti ya Microsoft, naye hana muda wa kubishana nayo, anaweka barua pepe ya duka, ile ile anayoiweka kwenye mashine zote za wiki hiyo. Kisha anakutengenezea akaunti ya pembeni iitwayo "User", anakupa mashine, unalipa, unaondoka. Kila kitu kinafanya kazi. Lakini ule ufunguo wa tarakimu 48 ulipotengenezwa ulikwenda kuhifadhiwa kwenye akaunti ya kwanza kuingia, ya duka. Wewe una mashine, duka lina ufunguo, na duka lenyewe halijui kama linao.

Nilirudi pale na mashine mkononi. Nikaambiwa ile barua pepe waliacha kuitumia, neno la siri alikuwa analijua kijana ambaye keshaondoka, na laini ya simu iliyokuwa imeunganishwa nayo imefungwa. Yule muuzaji alinijibu huku anamhudumia mteja mwingine, na mashine aliyokuwa anamfungulia yule mteja ilikuwa kwenye ukurasa ule ule wa kuweka akaunti ya Microsoft. Niliona akiandika barua pepe. Si ya mteja.

Lakini duka siyo lililoniua kabisa, na hapa ndipo nataka ukae makini kuliko mahali pengine popote. Ile skrini ya bluu ilipotokea mara ya kwanza, data ilikuwa bado mzima. Ningerudi BIOS nikawasha Secure Boot tena, mazingira yangerudi kama yalivyokuwa, TPM ingetoa ufunguo, Windows ingewaka. Basi. Kosa la kuzima Secure Boot linarudishika. Badala yake nilikwenda kwa fundi, mtu anayesifiwa mtaa mzima, naye baada ya kuangalia kwa muda mfupi akasema kwa sauti ya uhakika kwamba TPM "imechanganyikiwa" na dawa yake ni kuifuta. Maneno yale yale ya video. Akaingia BIOS, akachagua "Clear TPM". Mashine yenyewe ilisimama, ikaleta maandishi meupe ikionya kwamba kilichosimbwa kinaweza kupotea, ikataka athibitishe kwa kubonyeza kitufe. Akabonyeza bila kusoma. Yaani mashine ilikuwa na busara kuliko aliyeishika.

Ukifuta TPM, unachofuta ni ule ufunguo wenyewe. Haujifichi mahali. Haurudi kwa kurudisha mpangilio wa zamani. Kuanzia sekunde ile njia pekee ya kuingia kwenye diski ni zile tarakimu 48, na zangu ziko kwenye akaunti ambayo hakuna binadamu anayeweza kuifungua. Kuhamisha diski kwenye mashine nyingine hakusaidii. Kuiwasha kwa flashi ya Linux hakusaidii. Linux inajua kufungua diski za BitLocker, ndilo jina la Microsoft la hili kufuli, lakini nayo itakuomba ufunguo ule ule.

Na msije mkaniletea habari za "kuna jamaa anafungua". Nimekutana naye. Alitaka malipo ya awali, akasema ana programu inayojaribu namba usiku kucha. Yale makundi 8, kila moja lazima ligawanyike kwa 11, ndiyo maana ukikosea tarakimu moja mashine inalikataa kundi hilo hapo hapo. Ukitoa hilo, kila kundi linabeba biti 16, jumla biti 128. Kompyuta zote za dunia zikijaribu kwa pamoja tangu leo, jua litazimika kwanza. Anayekwambia anaweza kubahatisha hizo namba anakuibia, na mtu aliyepoteza data ndiyo windo rahisi kuliko wote kwa sababu atalipa chochote apewe matumaini.

Kilichokuwa humo ndani hakikuwa changu peke yangu, na ndiyo maana mpaka leo naandika hivi. Mdogo wangu wa kike alikuwa anafanya utafiti wa shahada ya uzamili, amekaa vijijini Kilosa akirekodi mahojiano na wakulima. Laptopu yake ilikuwa imejaa, akaniomba amwage sauti zote kwangu, akafuta kwenye kinasa sauti ili aendelee kurekodi. Mashine ilipofungika ikabidi arudi kijijini, aombe tena vibali, alipe tena nauli na mtu wa kumtembeza. Mzee mmoja alimuuliza, "Binti, haya si ulishayaandika?" Akakosa jibu la kumpa. Majibu ya mara ya pili hayakuwa kama ya kwanza. Watu walishachoka, wanajibu kwa ufupi, yale masimulizi marefu ya mwanzo hayakurudi. Alinisamehe, ni ndugu yangu. Lakini sauti za wale watu zimekwenda.

Sasa turudi kwa huyo mwalimu wako wa video, maana ana watazamaji wengi na ataendelea kuumiza. Madai yake kwamba Mint haikai na Secure Boot ni uongo. Ubuntu na Linux Mint zina kipande cha kuwakia kilichosainiwa na Microsoft, zinawaka Secure Boot ikiwa imewashwa. Kilichoongeza hofu ni sasisho la Windows la Agosti 2024 lililozuia vipande vya zamani vya kuwakia, watu wenye mifumo miwili wakakuta mashine zao zinaandika "Something has gone seriously wrong". Tatizo hilo lilikuwa la kweli, wengi wakazima Secure Boot ili wapite, na hapo ushauri huu ukazidi kuota mizizi. Chukua Mint ya sasa kutoka tovuti yao, haitakusumbua kwa hilo. Kuhusu kufuta TPM, kuweka Mint hakuhitaji kitu hicho. Sifuri. Amekiweka kwenye video ionekane ana utaalamu.

Na hata ukiacha BIOS bila kuigusa hauko salama kama hujui ufunguo wako uko wapi. Julai 2024 sasisho la kawaida kabisa la Windows lilizisukuma baadhi ya mashine kwenye ile skrini ya bluu, Microsoft wenyewe wakakiri. Mwezi huo huo, tarehe 19, faili bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha mashine takriban milioni 8.5, na kwenye makampuni mengi kilichowachelewesha mafundi ni kutafuta tarakimu 48 za kila mashine kabla ya kuruhusiwa hata kulifuta hilo faili. Hao ni watu wenye idara nzima za kompyuta. Wewe una mimi na huyo wa video.

Kwa hiyo fanya hivi leo, wakati Windows bado inafunguka, kwa sababu leo ni kazi ya dakika na kesho inaweza kuwa haiwezekani kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia uchague kuifungua kama msimamizi. Andika:

manage-bde -status C:

Angalia mstari wa "Protection Status". Ukisema On, diski imefungwa na maneno yangu yote hapo juu yanakuhusu. Ukisema Off lakini juu yake panaonyesha imesimbwa asilimia 100, kufuli lipo ila halijafungwa, siku utakayoingia kwa akaunti ya Microsoft litajifunga. Kisha andika:

manage-bde -protectors -get C:

Hapo, chini ya "Numerical Password", utaziona tarakimu zako 48. Hata kama ufunguo ulikwenda kwenye akaunti ya duka, ukiwa ndani ya Windows kama msimamizi unausoma mwenyewe bila kumwomba mtu. Hili hakuna aliyewahi kuniambia, si duka, si fundi, si video, na lingeokoa kila kitu. Ziandike kwenye karatasi kwa mkono, kundi kwa kundi, na zile herufi za kitambulisho pembeni yake. Usizihifadhi kwenye mashine hiyo hiyo. Nimeona mtu ameziweka kwenye faili kwenye Desktop ya diski iliyofungwa.

Baada ya hapo nakili kazi za chuo na picha kwenda diski ya nje, zifungue chache kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasoma kweli. Ndipo uende Settings, "Privacy & security", "Device encryption", uzime. Au tumia manage-bde -off C: kama umezoea amri. Acha mashine kwenye chaji mpaka iseme imesimbuliwa yote, kwenye diski ya kuzunguka inaweza kula saa nyingi, usiifunge. Hatua hii ungelazimika kuifanya tu, kwa sababu kisakinishi cha Mint hakiwezi kupunguza sehemu ya Windows iliyofungwa kwa BitLocker ili kujipatia nafasi. Mtu anayekwambia uanze na BIOS amekurusha hatua pekee iliyokuwa ya lazima.

Na kuna faida nyingine. Ukishazima na baadaye ukaamua kuwasha tena ukiwa na akaunti yako mwenyewe, unatengenezwa ufunguo mpya unaokwenda kwako. Ule wa duka unabaki namba zisizofungua chochote. Mashine ikiibiwa kwenye daladala mwizi hapati picha zako, na hiyo ndiyo kazi njema ya hili kufuli. Silichukii kufuli. Namchukia anayenifungia nyumba yangu akaondoka na ufunguo.

Nimeona huko juu kuna mdau kakwambia "piga format yote anza upya, Linux ni uhuru". Huyo hana kazi za chuo humo ndani. Mwache.

Piga hiyo amri ya kwanza sasa hivi, urudi hapa uandike "Protection Status" inasemaje, tuendelee kutoka hapo. Matokeo ya amri ya pili usiyapige picha ukayaweka hapa, hata mtu akikuomba kwa heshima.