Usiwaulize Kama Wameipenda, Waulize Wameishia Wapi

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja yuko Mbeya. Anaandika simulizi ya binti anayegeuzwa mwanaume na mganga ili aweze kurithi shamba la baba yake, ameshatoa sehemu 6, na watu wamemshukia kama mwewe. Ananiuliza, "Kaka, wewe ulipita hapa. Nifute au niendelee?" Akanitumia na skrinishoti 11 za matusi. Nilizisoma zote nimekaa kitandani, moyo ukawa unanidunda kama vile mimi ndo natukanwa upya, maana maneno ni yaleyale kabisa.

Nilimjibu usiku uleule kwamba asifute. Lakini jibu lenyewe ni refu na najua hayuko peke yake, humu wengi wetu tunaandika na tunataka siku moja tushike kitabu chenye jina letu mkononi, kwahiyo naliandika hapa.

Wanaonifuatilia wanaijua Pete ya Songo Mnara. Kwa wageni, ni hadithi ya Shomari, mvuvi wa Kilwa Kivinje, ambaye anaingia kwenye magofu ya kisiwa cha Songo Mnara usiku kutafuta mali za wazee wa zamani, anaokota pete, anaivaa, asubuhi anaamka ni mwanamke. Jini wa ile pete anampa siku 40 aifikishe Lamu kwa mwenyewe, akichelewa anabaki hivyohivyo maisha yake yote. Basi Shomari anajiita Zuhura, anadandia jahazi, na safari inaanza, maharamia, dhoruba, jini mwingine mbaya zaidi wa Mafia, kila kitu.

Niliiandika sehemu 42 kwa simu, nimesimama nyuma ya mashine ya kutolea kopi kwenye duka la steshenari ninalofanya kazi hapa Temeke. Mteja akija naiweka simu, akiondoka naimalizia sentensi. Miezi 7. Na sikuandika kwa kubahatisha, nilisoma. Nilijua Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, nilijua Husuni Kubwa, lile jumba la masultani wa Kilwa, ilivyopangwa, lile birika lake la pembe nane nimeliona kwa macho yangu nikiwa darasa la 4, babu alinivusha kwa mtumbwi mpaka Kilwa Kisiwani tukazunguka mpaka jua likazama. Zuhura anapojificha ndani ya lile birika kavu akiwasikia wanaomtafuta wanapita juu yake, yule ni mimi nilivyokuwa nimejificha nikimsubiri babu anitafute. Na Shomari ni jina la babu yangu. Niliweka kwa mapenzi.

Sehemu 3 za kwanza zilikuwa bure, kuanzia ya 4 unalipa buku unaingizwa kwenye grupu unasoma mpaka mwisho. Zile 3 zilikimbia aisee! "Shusha mzigo mtunzi." "Unatuua na arosto." Watu wanalipa saa nane za usiku. Nikaona sasa nimefika.

Halafu nikatoa ya 4, ambayo Shomari anaamka, anakwenda kunawa uso, na mikono anayoiona kwenye maji sio yake.

Saa moja haikupita. "Mtunzi unatufundishia nini watoto wetu?" "Huku ni kuchezea uumbaji wa Mungu." "Nirudishie buku yangu." Mwingine anasema hii ni ajenda nimelipwa na wazungu, mimi ambaye siku hiyo nilikuwa sina hata nauli ya kurudi nyumbani. Na upande wa pili kuna watu wamefurahi kupita kiasi, wanaandika hawajawahi kusoma kitu kama hiki kwa Kiswahili, na wa tatu hao hawana shida na kugeuka ila wanalalamika mapenzi yako wapi, mbona Zuhura hampendi nahodha. Grupu likagawanyika, wakawa wanatukanana wao kwa wao, mi nipo katikati.

Nikafanya kosa ambalo nakuomba mdogo wangu wa Mbeya usilifanye. Nilijibu. Nilikaa nikaandika maelezo marefu kama insha ya mtihani, nikawaambia mbona tumesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1952, ndugu wawili wanageuzwa manyani na jini Huria na hakuna aliyesema mwandishi anafundisha watu wawe manyani, wote tulielewa ni habari ya husuda. Nikawaletea na Wagiriki wa kale, Tiresias aliyepiga nyoka kwa fimbo akageuka mwanamke akakaa hivyo miaka 7. Nikawaletea na Mmarekani L. Frank Baum, ambaye mwaka 1904 alitoa hadithi ya watoto ambamo kijana Tip anakuja kugundulika ni binti mfalme aliyefichwa kwa uchawi. Yote ya kweli, naweza kuyasimamia hata leo. Na hayakumgeuza mtu hata mmoja! Aliyekasirika alizidi kukasirika kwa sababu sasa ameona namfanya mjinga. Watu 14 wakadai hela yao, nikawarudishia wote, mmoja mmoja, na makato ya kutuma nikalipa mimi. Hilo najivunia mpaka kesho.

Kilichoniuma hakikuwa hao. Mjomba wangu alinipigia kutoka Kivinje. Hakusalimia vizuri. Akasema, "Jina la baba yangu liko kwenye hicho kitu chako. Litoe." Nikamwambia mjomba shikamoo, nikueleze kwanza. Akasema, "Mimi sitaki kuelezwa, nataka ulitoe," akakata. Mjomba ndiye alinilipia ada kidato cha kwanza mpaka cha nne, sasa fikiria. Nilifunga duka siku ile nikakaa ndani gizani, sikuandika wiki 3.

Wiki ya nne ndo nikafanya jambo ambalo nadhani ndo limenifanya bado niwe mwandishi. Nilirudi kwa wale 14 niliowarudishia hela, nikawaandikia kila mmoja kwa adabu, sikuuliza kwanini hujaipenda, niliuliza tu, ndugu yangu, uliishia sehemu ya ngapi? Wakajibu 12. Watatu hawakuwa wamesoma kitu, waliona kwenye grupu watu wanagomba wakaungana nao. Saba waliishia ya 4. Wawili walifika ya 20 na kitu.

Hapo nikaelewa nilikuwa nawapigania watu wa aina tatu kwa rungu moja. Hawa watatu sina cha kufanya nao. Hawa saba, jamani, wana haki, na inaniuma kusema hivyo ila wana haki, kwa sababu mi niliwauzia sehemu 3 za mtu anatafuta hazina kwenye magofu, hakuna sehemu hata moja nilipogusia kugeuka, nikawachukulia buku yao ndo nikawafungulia mlango. Mtu aliyelipia safari ya Kigoma ukampeleka Mtwara atashuka tu hata kama Mtwara ni kuzuri. Kwahiyo siku hizi hadithi yangu inaanza na yale maji na ile mikono, aya ya kwanza kabisa, bure. Asiyetaka anaondoka na buku yake na heshima yake. Wewe wa Mbeya, binti yako anageuka sehemu ya 5. Mlete mbele.

Waliofika ya 20 ndo dhahabu. Mmoja ni mzee wa Mafia, alifanya kazi ya jahazi miaka mingi. Shida yake haikuwa Zuhura hata kidogo. Alinitumia sauti, nyuma unasikia kuku wanalia, anasema, "Mwanangu, hilo jahazi lako limefikaje Lamu mwezi wa kwanza kwa siku 5? Mwezi wa kwanza ni kaskazi, linakupuliza usoni. Kutoka Kilwa kwenda Lamu unangoja kusi. Kwa kaskazi utabisha, huku na huku dhidi ya upepo, mpaka maji ya kunywa yaishe. Nilipofika hapo nikaona huyu hajui bahari, nikaacha." Yaani mtu alimkubali jini, akaikubali pete, akamkubali mwanaume aliyegeuka mwanamke, akashindwa upepo! Na mimi mtoto wa Kivinje. Nilimpigia nikamshika miguu, tukaongea dakika 40, na sasa safari inaanza mwezi wa sita, na ile siku tanga linachanika mabaharia wanafanya kile wanachofanya mabaharia kweli. Imekuwa nzuri mara kumi.

Mwingine aliyefika ya 20, ambaye hakuwa kwenye wale 14, sitaki kumwongelea ila lazima, kwa sababu huyu nilimkosea.

Ni dada mmoja wa Tanga, muuguzi. Hakuwa amedai hela. Baadaye aliazima simu ya mwenzake akasoma zote 42, lakini mwanzoni, alipofika kwenye ishirini, aliniandikia mbele ya grupu zima hivi, nanakili alivyoandika: "Kaka mtunzi, huyu Zuhura ni Shomari aliyevaa dera. Tangu ageuke hajawahi kubadilisha njia kwa sababu vijana wamekaa kijiweni. Hajawahi kufunga khanga ikamvuka. Amelala kwenye jahazi na wanaume 9 na hajawaza hata mara moja alale upande gani. Amejiangalia kwenye kioo mara 4 lakini. Sasa amegeuka nini?"

Mi nilikuwa nimechoka na matusi, nikalisoma kama tusi. Nikamtoa kwenye grupu. Nikamblok. Kati ya maoni yote niliyopata miezi ile, lile ndo lilikuwa limebeba hadithi yangu yote mkononi, na ndo nililolifuta.

Kwa sababu ni kweli. Nilirudi nikahesabu vile vioo, ni 4 kweli. Sehemu ya 9, usiku wake wa kwanza baharini, Zuhura amelala usingizi wa pono katikati ya wanaume asiowajua. Ni mimi ndo ningelala hivyo. Nilimwita mke wangu nikamwomba anionyeshe khanga. Akadhani natania, nikamwambia hapana mama Salma, nataka kujua. Akasimama akaishika pindo mbili, akazungusha, ncha ya juu akaikunja ndani akaibana kwa kiganja bila hata kuangalia, akainua ndoo ya maji akaenda nayo mpaka mlangoni akarudi. Nikajaribu. Hatua ya tatu ikanivuka, na mkono wangu mmoja ukaiacha ndoo kuikimbilia khanga, maji yakamwagika sebuleni. Mke wangu hakucheka, alisema kitu ambacho nimekiweka kwenye kitabu neno kwa neno: "Ndo hivyo, mkono mmoja siku zote unakuwa na kazi nyingine." Nikamuuliza na kwenye jahazi ungelala upande gani. Alijibu palepale, hakufikiria hata sekunde, "Kwenye tezi, kule nyuma ya jahazi, karibu na nahodha, mgongo kwenye mbao." Miaka 8 nimelala na mtu huyu na sijawahi kujua kwamba majibu ya maswali kama hayo anayo tayari.

Sasa sikilizeni ndugu zangu mnaoandika, hasa wanaume wenzangu mnaoandika habari za mtu kugeuka. Tunadhani kugeuka ni ile sehemu ya 4. Moshi, pete, radi, nywele zimekuwa ndefu. Hiyo ni rahisi, hata mtoto anaiandika. Msomaji anayekukasirikia pale mara nyingi amekasirikia wazo, na wazo ni haki yake kulikataa, ana dini yake na nyumba yake, mwache aende kwa amani, msimfuate na Wagiriki kama nilivyofanya mimi. Lakini anayefika ya 20 akakasirika, huyo amekasirikia kazi yako. Huyo mshike. Muulize ameishia wapi, sentensi ipi, kisha nenda kaikae hiyo sentensi. Acheni kuhesabu wangapi wamependa. Acheni kumjibu kila mtu. Uliza wameishia wapi, narudia tena, uliza wameishia wapi!

Na jamani msifute maoni ya watu mkiwa na hasira. Wekeni simu chini, laleni, asubuhi someni tena.

Yule dada nilimfungua mwezi uliopita, nikamwomba msamaha bila kujitetea, nikamtumia sehemu ya 9 mpya, yenye khanga na mbao za tezi. Alikaa siku 2 kimya. Akajibu, "Hapa sasa hajalala kabisa. Vizuri. Ila mke wake Mwanahawa mwisho wa hadithi anampokea mume aliyepotea siku 40 na hamuulizi chochote?" Kwahiyo mwisho nao naubomoa. Kuna wasomaji watanilaumu, wale waliolia kwa furaha Shomari aliporudi kuwa Shomari, wananiandikia wanasema usiuguse ule mwisho, na wengine wanataka abaki Zuhura moja kwa moja. Nawapenda wote kwa kufika 42. Lakini Mwanahawa atauliza.

Mjomba nilimpigia Jumapili. Nilisalimia, tukaongea habari za minazi, za shangazi na mguu wake, halafu nikajikaza nikamuuliza, mjomba, ile hadithi uliishia wapi? Akanyamaza kidogo. Akasema hakuisoma, alisimuliwa na mtu barazani mpaka pale jamaa anapoivaa pete. Nikanyamaza na mimi. Kisha yeye mwenyewe akasema, "Kwani baadaye inakuwaje?"

Nikaanza kumsimulia. Nilimweleza na birika la Husuni Kubwa, akasema hapo baba yangu alikuwa anapenda kukaa. Nilikuwa nimemfikisha kwenye sehemu ya 11, dakika zangu zikakata. Jina bado sijalitoa, na hakulitaja. Ijumaa baada ya swala nitaweka vocha nimpigie tena, tulipoachia Zuhura yuko juu ya mlingoti na upepo wa kusi ndo unaanza.