Pongo walivyonilia miembe, na dada aliyeniomba dawa

Kuna dada kanitumia meseji juzi usiku na picha nne, miche ya miembe imeliwa imebaki vijiti, anauliza kaka nipake dawa gani. Nimeziangalia zile picha mpaka chai ikanipoa, maana ni shamba langu kabisa la vuli ya 2021.

Mwenzenu nilinunua heka moja kule juu ya Kiwangwa, upande wa kuelekea msitu wa Zaraninge, ile barabara ya Msata mnaijua, mananasi kulia mananasi kushoto. Mimi nanasi sikutaka, nikasema nitakuwa mtu wa embe. Nikapima mita 10 kwa 10, mashimo 40, nikanunua miche ya kubebesha, yaani kikonyo cha mwembe wa kisasa kimeungwa juu ya shina lililoota kokwa, siyo ya kokwa tupu, nikapanda yote siku mbili. Hela ya waya wa kuzungushia miche ilikuwepo, sitadanganya mtu. Nikaenda kuchomelesha kibao cha chuma chenye jina langu na chini yake neno Mkurugenzi, nikapiga nacho picha nikatupia status.

Wiki ya tatu mlinzi anapiga, bosi njoo. Miche 19 haina kichwa.

Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwa mbuzi wa jirani, mzee mmoja wa hapo kitongojini. Hata sikumuuliza, nikaenda kwa mwenyekiti nikadai fidia mbele za watu, na maneno mengine niliyosema siku ile siyaandiki hapa. Mzee hakubishana. Akasema tu kesho alfajiri twende tukaone. Tukachuchumaa kwenye mchanga wenye umande akanionyesha kwato, nyembamba, zimechongoka mbele, akaniambia mwanangu mbuzi wangu kwato zao butu halafu usiku nawafungia, huyu ni pongo, yule mnyama wa jamii ya swala, katoka kichakani pale. Kisha akashika kijiti kilicholiwa, juu kimechanika nyuzinyuzi. Pongo hana meno ya mbele juu, anabana anavuta. Ukikuta kimekatwa mshazari safi kama kwa wembe, huyo sungura. Mbuzi naye meno ya juu mbele hana, ndiyo maana kwato zikawa ndiyo ushahidi.

Aibu ile ninayo mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Ile miche ikachipua tena, aisee nilifurahi, nikamwambia kila mtu imepona, nikamwagilia kiangazi kizima kwa madumu ya kubeba na bodaboda. Kumbe pongo alikula chini ya kiungo, kile kikonyo cha kisasa kilishaondoka zamani, kilichochipua ni shina la kokwa. Nimelea mwaka mzima mwembe nisioujua! Kwa hiyo dada yangu kabla hujafurahia machipukizi, inama utafute lile kovu la kubebesha. Chipukizi likitoka chini yake, ng'oa, panda mche mwingine, usijionee huruma.

Sasa dawa. Dawa ni waya, tena kabla ya mche. Kila mche na kizimba chake, waya wa kuku umefika kifuani kwangu, na duara liwe pana, ukibana sana anaingiza mdomo kwenye matundu anakula vilevile. Chini pigilia vigingi maana digidigi anapenya. Fito zangu za kwanza zililiwa na mchwa, nikahamia vipande vya nondo vilivyobaki kwa fundi. Huna hela ya waya wa miche 40? Panda 10. Narudia, panda 10 yenye waya. Nyie wenzangu mnaolima kwa simu kutoka Dar mnapenda kuhesabu mashimo, mche usio na waya hapo ni msosi wa pongo tu, na yeye anakuja jioni na usiku wewe ukiwa kwenye foleni ya Mwenge.

Kuna waliosema tega waya ule nyama. Acha kabisa. Zaraninge iko ndani ya hifadhi ya Saadani, na sheria ya wanyamapori ya 2009 haitanii na mtu anayewinda bila kibali. Halafu yule mnyama kosa lake nini, mimi ndiye nimemwekea sahani mlangoni.

Mwaka jana nimevuna ndoo 7 kutoka kwenye ile michache iliyopona na niliyorudishia, ndoo 7 tu lakini nilizipanga kibarazani nikazitazama kama mtu aliyejaliwa mapacha. Kibao nimeking'oa, kinafunika pipa la maji.

Wakati unasubiri hela ya waya, koroga mavi ya mbuzi na maji yawe uji, paka majani na shina, hawayagusi. Mvua moja tu imesafisha, unaanza upya. Mimi nayachukua kwa yule mzee, bure, na kila nikifika na ndoo zangu ananiuliza kwa sauti wasikie hata wa ng'ambo, Mkurugenzi, leo umekuja kudai fidia?