Kabla hujaiandika chipu ya 24C02, isome vizuri

Kwenye meza yangu ya kazi, karibu na Luthuli Avenue jijini Nairobi, bodi za televisheni na za skrini za kompyuta haziishi. Nyingi shida yake ni umeme tu. Lakini ziko zile ambazo kila volti unayopima iko sawa, na bado bodi haijui hata mipangilio yake. Hapo ndipo ile chipu ndogo ya kumbukumbu, ya miguu minane, inayotunza mipangilio hiyo, 24C02 au ndugu yake mmoja, inapotakiwa kusomwa. Vijana wanaojifunza ufundi hunijia na Arduino mkononi, ile bodi ndogo unayoiandikia programu, wakiuliza waandike nini ndani yake. Nawaambia waache kuandika kwanza. Kilichomo huenda ndiyo nakala pekee ya mipangilio ya bodi hiyo, na ukikifuta, zunguka River Road yote, hutapata wa kukuuzia kingine.

Itoe chipu kwenye bodi. Inachosha, najua, lakini ukiisoma ikiwa bado mahali pake, umeme wako unapenya hadi kwenye prosesa, nayo ikiamka inaanza kuzungumza na chipu ileile unayoisoma wewe. Utapata data iliyovurugika. Ukishaitoa kwa blowa ya hewa moto, tafuta kidoti: kinaonyesha mguu wa 1. Wa 4 ni graundi, wa 5 ni SDA inayopitisha data, wa 6 ni SCL ya mapigo ya saa, wa 8 ni volti. Kwa Arduino Uno, SDA inaenda A4 na SCL inaenda A5. Miguu mitatu ya kwanza ipeleke graundi, anwani ya kuiitia chipu itakuwa 0x50. Datashiti huandika 0xA0 kwa sababu inahesabu pia biti ya kusoma na kuandika, ilhali Wire, maktaba ya Arduino ya kuzungumza na chipu kama hizi, inataka biti saba tu.

Usiache resista mbili za kilo-omu 4.7, zile za manjano, zambarau na nyekundu: moja kutoka SDA hadi kwenye volti, nyingine kutoka SCL. Zile za ndani ya ATmega328P, chipu kuu ya Uno, ni za kilo-omu 20 hadi 50, dhaifu mno kwa waya mrefu.

Sasa mguu wa 7, WP, wa kuzuia kuandikwa. Huu nausisitiza kuliko yote. Uunganishe na volti, na 24C02 itakataa kuandikwa. Utaniuliza, si nasoma tu? Sikiliza. Chipu ndogo, hadi 24C16, hupokea anwani ya ndani, yaani ya mahali data ilipo ndani ya chipu, ya baiti moja. Kuanzia 24C32 kwenda juu, anwani ni baiti mbili. Ukichukua programu iliyoandikiwa 24C256 ukaielekeza kwa 24C02, baiti ya kwanza itachukuliwa kuwa anwani, na ya pili itachukuliwa kuwa data. Programu ikimaliza hapo kwa ishara ya kusimama, chipu inaihifadhi baiti hiyo. Umeandika ukidhani unasoma! Ndiyo maana pia napendelea amri ya Wire ya endTransmission(false), ambayo hairuhusu ishara ya kusimama kutokea kati ya kutuma anwani na kusoma.

Ukiona FF tupu (baiti ambayo biti zake zote ni 1) kuanzia mwanzo hadi mwisho, usikimbilie kusema chipu haina kitu. Amri ya kusoma, Wire.read, isipopata baiti hurudisha -1, na ukiiweka kwenye baiti inageuka FF. Kwa hiyo angalia jibu la endTransmission: 0 ni sawa, 2 maana yake hakuna aliyeitika kwenye anwani hiyo. Omba baiti 32 kwa wakati mmoja, usizidishe, kwa sababu bafa ya Wire kwenye Uno haibebi zaidi. 24C02 ina baiti 256, basi ni maombi manane.

Soma yote, hifadhi faili, chomoa umeme, urudishe, usome tena. Kusoma hakuichakazi chipu, kwa hivyo usiogope kurudia. Faili hizo mbili zikitofautiana hata kwa baiti moja, rudi kwenye nyaya na resista. Usichague ile unayoipenda.

Kama chipu ni ile inayokaa karibu na soketi ya VGA kwenye skrini, una bahati, maana inajithibitisha yenyewe. Ndani yake kuna EDID, data inayoieleza kompyuta hiyo ni skrini gani, na EDID huanza kwa 00, kisha FF sita, kisha 00. Jumlisha baiti zake 128 za kwanza: jumla lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Ikikubali, una nakala nzuri.

Soma maandishi ya juu ya chipu kwa lenzi kabla ya haya yote. Chipu za familia ya 25 huwa na miguu minane vilevile, lakini zinatumia SPI, njia nyingine ya mawasiliano, na nyingi, kama W25Q64, ni za volti 3.3. Hizo Uno ya volti 5 itaziumiza.

Faili ipe jina lenye namba ya bodi, uihifadhi mahali pawili. Hapo ndipo WP inaweza kurudi graundi, kwenye chipu mpya, huku ile ya zamani ukiiweka pembeni. Andika baiti nane nane, ukianzia kwenye anwani inayogawanyika kwa nane, na usubiri milisekunde 5 kila mara. Kisha isome chipu mpya na uilinganishe na faili kabla hujaisolda kwenye bodi.