Kamera imetoka jasho baada ya matembezi ya mtoni: mchele hauisaidii

SWALI

Fundi, habari za kazi. Mimi niko Njombe. Jumamosi nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, nikafuata Mto Ruhuji kwa miguu nikipiga picha za ukungu na ndege, nikarudi saa nne. Baridi ilikuwa kali ila mvua haikunyesha, na kamera haikuingia maji hata kidogo. Njiani betri ilizima ghafla wakati bado inaonyesha nusu. Nyumbani nikaenda moja kwa moja jikoni kunywa chai, nikabadilisha betri, nikaanza kumpiga picha mwanangu huku navuta zumu. Haikufika dakika tano lenzi ikawa nyeupe, nje na ndani. Nje nimefuta, ndani imegoma. Jirani amenishauri niifukie kwenye ndoo ya mchele siku tatu, na fundi mmoja wa simu anataka aifungue aifute kwa spiriti. Kwa sasa iko kwenye mchele. Nifanyeje? Na nikirudi mtoni nijikinge vipi?

JIBU

Itoe kwenye mchele sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Halafu usivute zumu, usizungushe pete ya fokasi, usiiwashe. Chukua ile pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, uelekeze lenzi chini, upulize kuzunguka pete zote, mlango wa betri, tundu la kadi na pale lenzi inapoungana na bodi, yaani mwili wa kamera. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ni mvuke na mate. Ule unga mweupe wa mchele ukiingia chini ya pete ya zumu unachanganyika na grisi, na pete inaanza kukwaruza kila unapoizungusha. Hapo lenzi iliyokuwa na umande tu, ambao ungekauka wenyewe, itahitaji kufunguliwa na kupakwa grisi upya.

Kwa nini watu wanang'ang'ania mchele? Kwa sababu kamera nyingi hupona zikiwa ndani ya mchele, kama ambavyo zingepona zikiwa juu ya kabati. Umande huondoka wenyewe kifaa kinapopata joto la chumba, na mchele unapewa sifa usiyostahili. Fikiria hesabu yake. Mchele uliokaushwa vizuri kwa ajili ya ghala bado una maji ya asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake. Ukiuweka kwenye ndoo iliyofunikwa, hewa iliyo kati ya punje hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 65 hadi 70. Haishuki zaidi ya hapo, kwa sababu punje zenyewe zina maji ya kurudisha hewani. Na unyevu wa kuanzia asilimia 60 na kitu, kwenye giza, bila hewa kuzunguka, ndio kuvu wa lenzi wanaoupenda. Kwa hiyo siku tatu za ndoo ya mchele ni siku tatu za kuitunza lenzi katika hali ambayo wenye kamera wote wanatakiwa kuikwepa. Ushauri huu unapita mdomo kwa mdomo miaka nenda rudi, na lenzi zinaendelea kuja zikiwa na unga kwenye bleidi, vile vipande vyembamba vya ndani vinavyopanua na kubana tundu la mwanga.

Sasa kilichotokea kwako. Mto hauna kosa, wala baridi haina kosa. Umetembea kwa muda wa saa nne kwenye ukungu wa nyuzi 10 hivi, kamera nzima ikapoa mpaka vioo vya ndani, na haikutoka jasho hata mara moja. Tatizo lilianza ulipovuka mlango wa jikoni. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 70 huangusha maji juu ya kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 18. Jikoni kuna birika linachemka, na kama mnatumia gesi, moto wenyewe unazalisha mvuke unapowaka. Kamera yako yenye nyuzi 10 au 12 ilikuwa mbali sana chini ya kiwango hicho, kwa hiyo nje ililowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Umande wa ndani uliuvuta mwenyewe kwa zumu. Lenzi ya zumu inayorefuka hunyonya hewa kila inapotoka nje. Huko mtoni ilinyonya hewa baridi, ambayo hata ikiwa na ukungu hubeba maji machache sana kwa ujazo wake. Jikoni ilinyonya hewa ya moto iliyojaa mvuke, ikaipeleka kwenye vioo baridi ambavyo kitambaa hakifiki. Kufungua mlango wa betri papo hapo kuliingiza hewa hiyo hiyo kwenye bodi. Na usijifariji kwamba lenzi yako imeandikwa inazuia maji. Mipira ile huzuia matone na vumbi. Haizuii hewa, na zumu isingeweza kurefuka kama hewa haipiti.

Tiba yake ni ya kuchosha na ya bei ndogo. Zima, toa betri na kadi, toa mkanda wa shingoni, toa kifuniko cha mbele na filta, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi. Filta ni muhimu, kwa sababu kati yake na kioo cha mbele kuna hewa iliyofungiwa isiyo na pa kutokea. Iache kamera kwenye chumba kikavu mbali na jiko kwa saa mbili, lenzi ikiwa bado kwenye bodi, mpaka ukiishika haina ubaridi. Hapo ndipo utenganishe lenzi na bodi, uvivike vifuniko vya nyuma kwa kulegeza, uvitie kwenye kopo la plastiki la vyakula lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na gramu 100 za silika jeli, zile punje zinazofyonza unyevu. Funga kwa saa 24 hadi 48.

Gramu 100 zinatosha kabisa. Hewa ya kopo la lita 10 haibebi hata robo gramu ya maji, na umande ulio ndani ya lenzi ni kidogo pia. Silika kavu huweza kushika maji ya karibu asilimia 20 ya uzito wake huku ikiiweka hewa kwenye unyevu wa asilimia 40. Kinachoimaliza nguvu ni vitu vya kitambaa na sponji, ndiyo maana nimesema toa mkanda, na begi la kamera lisikaribie kopo hilo. Nunua ile ya punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Ile ya buluu mara nyingi hupakwa chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu usivitegemee, vimeshashiba unyevu siku nyingi. Punje zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120, saa moja au mbili, kwenye sinia ambalo hulitumii kwa chakula.

Baada ya hapo zima taa, shika lenzi, imulike kwa tochi kutoka nyuma ukitazama kwa mbele kwa pembe. Kioo kikiwa safi, umemaliza. Ukiona madoa ya mviringo yenye kingo, ni maji yaliyokauka yakaacha chumvi, na hayo hayazidi ukubwa wala hayaharibu picha kwa kiasi cha kuonekana. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi, huyo ni kuvu, na alikuwamo kabla ya Jumamosi hiyo, kwa sababu haoti kwa siku tatu kiasi cha kuonekana. Kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga juu ya kioo, kwa hiyo huyo ndiye wa kumpeleka kwa fundi wa lenzi mapema.

Kuhusu betri, halikuwa jambo la ajabu. Betri ya lithiamu ikipoa, upinzani wa ndani huongezeka, volti zinashuka kamera inapodai umeme mwingi, na kamera inadhani chaji imekwisha. Ukiipasha joto mfukoni inarudi. Lakini kwa baridi ya Njombe, ambayo haikufika sifuri asubuhi hiyo, betri nzima haikati ikiwa nusu. Yako imechoka. Nunua nyingine, ukae nazo mbili, moja kwenye kamera na moja mfuko wa ndani wa shati karibu na mwili, peke yake, bila funguo wala sarafu za kuunganisha vyuma vyake. Usiipashe juu ya jiko.

Ukirudi Ruhuji, kamera itembee nje ya koti muda wote. Watu huificha ndani ya koti wakidhani wanaihurumia, kumbe wanaifungia na jasho lao, halafu wanaitoa kwenye baridi na kuirudisha, na kila ikirudi ndani ya koti inatoka jasho upya. Iache ipoe mara moja na ibaki baridi. Ivike lenzi hudi, kile kikingo cha duara cha mbele, inazuia matone ya ukungu kuliko filta yoyote. Matone yakikaa kwenye kioo, pulizia kwanza kwa pampu ndipo ufute kwa kitambaa cha maikrofaiba, kwa sababu kando ya maporomoko kuna chembe za mchanga hewani na ukifuta moja kwa moja unakwaruza. Beba vitambaa vitatu, kimoja kikilowa hakikaushi tena. Usibadilishe lenzi ukiwa kwenye manyunyu. Kama huna budi, geuka uyape mgongo, elekeza mdomo wa bodi chini.

Kisha kuna mlango wa nyumba, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Kabla hujaondoka asubuhi, acha barazani lile kopo lenye kifuniko cha mpira, na gramu 50 za silika ndani yake. Ukirudi, ukiwa bado nje kwenye baridi, toa kadi na betri, kwa hiyo picha utazitazama kwenye kompyuta bila kuigusa kamera. Iweke kamera kwenye kopo, funga, ndipo uingie nalo ndani. Umande utaangukia ukuta wa nje wa kopo, na hewa iliyomo ndani ni ile kavu ya baridi uliyofungia. Bodi ndogo yenye lenzi fupi huchukua saa moja kupata joto la chumba, lenzi kubwa ya kupigia ndege saa mbili au tatu. Kopo likiwa bado na jasho kwa nje, usifungue. Mfuko mzito wa wavuvi na wapiga kasia, ule unaokunjwa mdomo, unafanya kazi hiyo hiyo ukiutoa hewa kabla ya kuufunga. Ukipanda gari lenye hita, kanuni haibadiliki: funga kwanza, ndipo uingie.

Na ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar msidhani haya ni ya watu wa nyanda za juu. Chumba cha hoteli chenye kiyoyozi cha nyuzi 18, ukitoka kwenye bustani ya harusi yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ni jiko la Njombe kwa upande wa pili. Hewa hiyo huangusha maji kwenye chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Mpiga picha anatoka na bibi harusi, anainua kamera, haoni kitu, anafuta, inarudi, anakimbilia draya ya nywele ya mpambaji.

Draya ya nywele ni janga. Inasukuma mvuke na vumbi ndani zaidi, inayeyusha grisi ya pete ikatiririka kwenye bleidi za apacha, yaani za tundu la mwanga, zikaanza kunata, na joto lake linaweza kuachanisha vioo viwili vilivyogundishwa pamoja. Kuianika lenzi juani ni hatari hivyo hivyo, na ikisahauliwa bila kifuniko juani ikiwa kwenye kamera, inakusanya jua na kuunguza shata (pazia linalofunguka picha inapopigwa) au sensa (kipande kinachonasa picha). Vidonge vya naftalini kwenye begi, ambavyo wauzaji wanavisifu kwamba vinaua kuvu, hutoa mvuke unaoganda juu ya vioo. Dawa ya meno ya kusugulia mikwaruzo inaondoa rangi ya kinga yote na kukuachia kioo chenye ukungu wa kudumu. Mafuta ya kupulizia kutu yasiingie kwenye lenzi kwa namna yoyote, yanatambaa mpaka kwenye bleidi na hayatoki bila kuivunja lenzi yote.

Kuhusu yule fundi wa simu na spiriti yake, mwambie hapana. Si dharau. Lenzi ya zumu ina vioo kumi na zaidi, baadhi vimepangwa kwa vipande vyembamba kuliko karatasi ili vikae katikati, na bila vifaa vya kupima atakurudishia lenzi kavu isiyofokasi upande mmoja wa picha. Spiriti ya dukani ina maji na rangi, inaacha michirizi. Na bodi yenye flashi ya ndani ina kapasita, kifaa cha kutunza umeme, inayoshika takriban volti 300 hata betri ikiwa nje. Mtu asiyejua mahali ilipo atapigwa, au ataiunganisha kwa bisibisi na kuunguza bodi ya umeme.

Ikitokea siku moja ikatumbukia mtoni kweli, hilo ni jambo tofauti na umande. Toa betri papo hapo, usiiwashe kuijaribu hata ikionekana kavu, kwa sababu umeme ukipita kwenye maji ndipo shaba inapoliwa. Mwaga maji, ifunge na silika, uifikishe kwa fundi wa kamera ndani ya siku moja au mbili. Ikiwa ni maji ya bahari, usisubiri hata hiyo siku ya pili.