Kama Hakuna Kinachokuzuia: Goma, Bukavu ama Lubumbashi?

Kona ya wasomaji: makazi, viwanja na nyumba

Swali

Nilizaliwa Bukavu, nikatumika Lubumbashi mpaka pensheni, na dada yangu anakaa Goma. Watoto wote wana nyumba zao. Juzi tulikuwa tunabishana na mama watoto: tuseme vita haipo, pesa ipo, hakuna kinachotuzuia. Katika miji hii mitatu tungejenga wapi? Yeye anataka ziwa, mimi nataka udongo wa kulima.

*Papa wa Kamalondo, Lubumbashi*

Jibu

Papa, Ziwa Kivu mtaliangalia, lakini nyumba itakaa juu ya udongo, basi tuanzie chini. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Bukavu imeng'ang'ania milima ya udongo mwekundu unaoteleza. Lubumbashi ni tambarare, na juu ya tambarare hiyo kumetanda vumbi la madini. Pesa haiondoi adha hata moja kati ya hizo. Inawanunulia tu kona ya mji ambako adha imepungua. Chagueni kwanza mnayoiweza.

Goma kwanza, kwa kuwa ndiko ziwa linakovuta watu zaidi. Volkano ya Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470 na iko chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Moto wake ni mwepesi kama uji, hauendi polepole kama wa volkano nyingine, na ndiyo maana mwaka 1977 uliwakuta watu wakiwa bado vijijini mwao. Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulisimama upande wa Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Mtu ambaye kweli hana kinachomzuia hana sababu ya kujenga Buhene wala Majengo. Wengi wanaokaa huko, mfuko ndio uliowachagulia.

Mtasema basi twende magharibi, Himbi, Kyeshero, kando ya maji. Vizuri, ila huko kuna mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inajikusanya mabondeni, kwenye mashimo ya misingi na kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Haina rangi. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, kina chake kinapanda. Jua likichomoza na upepo ukivuma, kinashuka. Ndiyo maana mbuzi na watoto wanakufa mahali ambapo mtu mzima amepita akiwa amesimama bila kujua kitu. Kabla ya kununua, nendeni saa kumi na moja alfajiri, simameni ukingoni (msishuke) na muangalie chini: mijusi, panya na ndege waliokufa bila jeraha, majani yaliyokauka upande wa chini tu. Wengine hushusha mshumaa kwa kamba. Ukizimika, ondokeni. Ukiwaka, msitulie, kwa sababu hewa hiyo inaanza kumdhuru mtu kabla haijafikia kiasi cha kuzima moto. Waulizeni majirani neno lenyewe, mazuku. Mtu wa Kyeshero atawaonyesha kwa kidole. Na msichimbe chumba cha chini hata fundi awashawishi namna gani.

Kulima Goma? Juu ya mawe ya 2002 hakuna udongo. Tuta moja la mita 10 kwa 1, lenye kina cha sentimita 30, linataka mita 3 za ujazo za udongo wa kununua. Choo cha shimo pia ni vita na nyundo. Wengi wanakiinua juu kwa kujenga shimo la matofali. Maji ya mvua yana ladha ya moshi wa mlima, yana asidi na floridi, mabati yanaliwa nayo. Fulieni, msiyanywe.

Lubumbashi udongo unalimika vizuri, ila angalieni bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini. Shaba ilianza kuyeyushwa pale mwaka 1911, na upepo wa huko, hasa wakati wa kiangazi, unatoka kusini-mashariki. Moshi wa miaka yote hiyo umekwenda kaskazini-magharibi. Huko miti ilikufa mpaka vilima vikabaki vipara, na shaba, risasi, kadmiamu na aseniki bado viko ardhini. Msilime upande huo. Kuosha lengalenga (mchicha) kwa maji matatu kunaondoa vumbi la juu, hakuondoi kilichoingia ndani ya jani. Kama tayari mna lupango (kiwanja) huko, limeni kwenye matuta ya udongo ulioletwa kutoka mbali, na wafundisheni wajukuu kunawa kabla ya kula.

Inabaki Bukavu, na kwa watu wawili wanaotaka ziwa na jembe, hapo ndipo tungewapeleka. Msijenge kwenye miteremko ya Kadutu. Tafuteni mgongo wa mlima au rasi zinazoingia ziwani, Muhumba na Nguba, mahali palipo bapa. Pale bustani itakuwa ndogo, ya kitoweo tu. Shamba lenyewe Papa utalipata Kabare, upande uliko uwanja wa ndege wa Kavumu, ukienda asubuhi na kurudi jioni. Nyumba iwe na nguzo za zege na mkanda wa zege juu ya kuta zote, kwa kuwa tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na kuta za matofali zisizofungwa ndizo zilizoanguka.

Kabla ya kulipa, pangeni miezi mitatu katika msimu mbaya wa mahali hapo: Bukavu wakati wa mvua za Machi na Aprili, Lubumbashi Septemba na Oktoba visima vikikauka, Goma Julai maji yakiwa ya kugombania.

Swali

Ninapanga nyumba Kadutu, juu kabisa. Ukuta wa chumba cha watoto una ufa. Mwenye nyumba anasema ni plasta tu. Nitajuaje?

*Mama wa watoto watatu, Bukavu*

Jibu

Mama, inawezekana anasema kweli, maana nyufa hazifanani. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kama utando wa buibui, ni plasta iliyokauka haraka. Ufa unaoshuka kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali, mpana juu na mwembamba chini, unasema pembe moja ya nyumba inazama. Kule kwenu sababu yake karibu daima ni moja: kiwanja kimekatwa mlimani, udongo uliokatwa ukamwagwa mbele ili kuongeza nafasi. Nusu ya nyumba inakaa juu ya mlima wenyewe, nusu nyingine juu ya udongo wa kumwaga, na ufa unatokea pale pale nusu hizo zinapokutana. Simama pembeni mwa nyumba uangalie mteremko ulivyokuwa kabla ya kukatwa. Utauona mstari huo.

Upime. Kwa kalamu ya risasi weka alama mbili, moja kila upande wa ufa, ziachane sentimita 10 kamili. Katikati ya alama pakaa kipande chembamba cha saruji, urefu wa kiganja, uandike tarehe kwa msumari ikiwa bado mbichi. Kila tarehe 1 pima tena kwa rula. Saruji ikipasuka na sentimita 10 zikawa 10 na milimita 2 katika mwezi mmoja wa mvua, huo si ugonjwa wa plasta.

Kisha toka nje. Je, ufa unaendelea sakafuni mpaka uani? Juu ya nyumba, ardhi imepasuka kwa umbo la mwezi mwandamo? Mikaratusi imeinama chini na kujinyoosha juu? (Mgomba usiuhesabu, mgomba unainama popote.) Mlango uliofungwa vizuri mwaka jana sasa unakwama upande wa kitasa? Chemchemi mpya imetokea chini yenu? Ukiona mawili ya hayo, hilo ni mlima unatembea, na hakuna fundi wa kuuzuia. Hamisha watoto kwanza, mabishano na mwenye nyumba yatakuja nyuma.

Ukikuta ni pembe tu inayozama, kuna la kufanya. Mfereji uchimbwe nyuma ya nyumba, upande wa juu, uyachukue maji ya mvua na ya kuogea ya majirani mpaka kwenye mfereji wa avenyu, yasiishie kwenye msingi wenu. Maji ya paa lenu nayo yaingie kwenye bomba, yasidondoke ukutani. Na kitanda cha watoto kisikae chini ya ukuta wa mlima uliokatwa nyuma ya nyumba: ukuta huo ukiwa na mita 3, nyumba ilipaswa kuachana nao angalau mita 3.

Kuhusu garanti, pesa unayomwekea mwenye nyumba unapoingia: sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Kama ulitoa zaidi, dai karatasi. Na hizo tarehe na vipimo vilivyoandikwa ukutani, vipige picha. Vitakusaidia siku ya kuidai irudi.

Swali

Tumepata lupango la mita 20 kwa 25 Kalebuka, bei nzuri. Muuzaji ana fishi ya parseli na anasema maji ni kuchimba tu. Tulipe?

*Wachumba wa Kampemba, Lubumbashi*

Jibu

Bado. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na inayothibitisha haki hiyo ni hati ya uandikishaji, ile watu wanayoiita sertifika. Fishi ni karatasi ya kiwanja tu, si hati. Nendeni wenyewe, bila komisioneri (dalali), kwa konservatere, ofisa wa hati za ardhi wa eneo hilo, na nambari ya parseli mkononi. Ulizeni ni jina la nani limeandikwa na kama kuna deni juu yake. Kisha mpime na mtu wa kadasta (ofisi ya upimaji ardhi), mkiona mawe ya mipaka yote manne kwa macho. Muuzaji akiwa na mke, naye atie sahihi. Akiwa amerithi, ndugu zake wote watie sahihi, hata yule anayekaa Kolwezi. Kesi nyingi zinaanzia kwa ndugu aliyesahauliwa.

Maji sasa. Watu 6 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 120, yaani bidoni 6 kwa siku. Kutoka Mei mpaka Septemba hakuna mvua ya kutegemea, siku 150 hivi, kwa hiyo tangi la mvua lingehitaji lita 18,000. Sahau tangi, ni kisima. Kisima kiachane na choo mita 30, na lupango lenu kutoka pembe hadi pembe lina mita 32: vinaingia vyote viwili kwa kubanana, kimoja pembe hii, kingine ile. Lakini choo cha jirani je? Zungukeni ua mzima mkihesabu vyoo vya pande zote kabla ya kuhesabu pesa. Na mchimbe Oktoba. Kisima cha Machi kinatoa maji mapema, fundi anasimama, na kufikia Septemba mnavuta matope.

Swali

Na kisiwa cha Idjwi? Hewa safi, mananasi, hakuna kelele.

*Kijana wa Himbi, Goma*

Jibu

Pazuri sana, kijana wetu. Fanya jaribio moja: fika kwenye gati la kisiwani saa nne usiku, ziwa likiwa na mawimbi, uulize ni mtumbwi gani wa injini ungembeba mama mwenye uchungu mpaka hospitali ya Goma ama Bukavu, nani anauendesha, na mafuta yako wapi. Wakikuonyesha mtumbwi, dereva na bidoni la mafuta, tafuta kiwanja kisichozidi mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo.